Mtoto, simu na shule: Nani anamfundisha mwanao teknolojia?

Na Mwandishi Wetu

NI jambo la kawaida siku hizi, uingiapo katika nyumba nyingi za mijini, kumkuta mtoto wa miaka mitatu au minne ameishika simu ya mama yake na anaitumia kwa ustadi unaowashangaza wageni. Anaitafuta katuni aliyoitazama jana, anaiona, anaigusa. Tangazo likijitokeza analiruka. Babu aliyeketi pembeni hutikisa kichwa na kusema kuwa watoto wa siku hizi wanazaliwa wakijua kila kitu.

Kauli hiyo husemwa kwa mapenzi, lakini si sahihi. Mtoto huyo anajua kugusa kioo. Hajui kwamba kile alichokiruka kilikuwa tangazo la biashara lililolipiwa ili limfikie yeye. Hajui kwa nini katuni ya pili ilijifungua yenyewe ilipokwisha ya kwanza, wala hajui kwamba bando la mama yake limekwisha kwa sababu hiyo. Tofauti iliyopo kati ya kugusa na kujua ndiyo inayowashughulisha wataalamu wa elimu wanapozungumzia umahiri wa kidijitali kwa watoto wadogo.

Umahiri huo ni uwezo wa kutafuta habari kwa kutumia kompyuta au simu, kuielewa, kuipima kama ni ya kweli, kutengeneza kitu chako mwenyewe, kuwasiliana na wenzako kwa adabu na kujilinda na madhara. Kwa mtu mzima, orodha hiyo ni ndefu. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane ni mambo machache tu, lakini mazito: kujua kuwa picha ikipigwa inaweza kuonwa na watu asiowafahamu, kujua kuwa si kila kinachoonekana katika video kimetokea kweli, kukubali kuizima simu wakati ukifika, na kumwita mtu mzima pale kitu kinapomtisha.

Mambo hayo mtoto huyajifunza shuleni, nyumbani na mtaani. Kwa bahati mbaya, pesa nyingi zaidi zimepelekwa shuleni, na mara nyingi zimetumika kununulia vifaa.

Mfano unaojulikana zaidi katika ukanda wetu ni wa Kenya. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee ulioongozwa na Uhuru Kenyatta uliingia katika uchaguzi mkuu ukiahidi kompyuta kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza katika shule za umma. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya malalamiko ya washindani. Mpango ukaanza upya mwaka 2016 kwa majaribio katika shule 150, safari hii kwa vishikwambi badala ya kompyuta mpakato kwa wanafunzi. Miaka michache baadaye zaidi ya vifaa milioni moja vilikuwa vimekwishasambazwa katika shule za msingi zipatazo 21,000.

Kazi hiyo haikuwa ndogo, na si haki kuibeza. Ilibidi umeme ufikishwe katika maelfu ya shule zilizokuwa gizani, na faida hiyo ilibaki hata pale vishikwambi vilipoharibika. Hata hivyo, magazeti ya Nairobi yaliandika mara kwa mara kuhusu vifaa vilivyofungiwa makabatini kwa kuhofia wezi, na kuhusu walimu waliokuwa na shaka ya kuvitumia mbele ya watoto. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko vifaa, naye mwenyewe amepata mafunzo ya siku chache tu, hana budi kuchagua kati ya somo na vurugu.

Baadaye Kenya iliuingiza umahiri wa kidijitali katika mtaala wake unaozingatia umahiri, ulioanza kutumika rasmi mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, ukiwa mmoja wa umahiri saba wa msingi. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya nchi hiyo iliidhinisha pia maudhui ya kufundishia uandishi wa programu za kompyuta. Kwa maneno mengine, vifaa vilitangulia na mtaala ukafuata nyuma, ilhali mpangilio unaoeleweka ungekuwa kinyume chake.

Kenya haikuwa ya kwanza kujikwaa hapo. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani aliitangazia dunia kompyuta ya mtoto ambayo ingeuzwa kwa dola 100. Ilipotoka kiwandani mwaka 2007 bei yake ilikaribia dola 200. Rwanda ilijiunga na mpango huo na kuwa miongoni mwa nchi zilizonunua kwa wingi barani Afrika, lakini Peru iliizidi kwa mbali. Watafiti walipozipima shule 319 za msingi vijijini Peru, matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba watoto walikuwa wakitumia kompyuta zaidi kuliko wenzao, lakini hawakuwazidi katika hisabati wala lugha. Kompyuta ilikuwa imeongezwa juu ya dawati na somo likabaki lile lile.

Hapa Tanzania, Sera ya Tehama kwa Elimu ya Msingi ilitolewa mwaka 2007. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ili mkazo uwekwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Uamuzi wa kumpa mwalimu kwanza una hekima ndani yake. Mwalimu asiyeandaa somo lake kwa kifaa hawezi kumwongoza mtoto atakayekishika kifaa hicho kesho.

Lakini somo kubwa kuliko yote kuhusu watoto wadogo na teknolojia katika nchi hii halikutoka darasani. Lilitoka katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, na inashangaza kuwa wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kulisikia.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Washindani walitakiwa kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilipewa dola milioni moja kila moja, kisha programu zao zikawekwa katika vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google na kuletwa Tanga. Serikali ya Tanzania, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, UNESCO, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, vilisimamia utekelezaji.

Vijiji vilivyochaguliwa vilikuwa 170 na watoto walikuwa karibu 3,000. Kabla ya kuanza walipimwa. Asilimia 74 waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Kila mtoto alipewa kishikwambi. Intaneti haikuwepo. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua katika vituo vilivyojengwa vijijini. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa tena, na idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 15, 2019, mjini Los Angeles, timu mbili zilitangazwa kuwa zimelingana: Kitkit School na onebillion. Ziligawana dola milioni 10.

Kuna namna mbili za kuyasoma matokeo hayo, na msomaji atafanya vyema kuzishika zote mbili. Ya kwanza ni kuona fahari. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga shule amejifunza kusoma maneno kwa lugha yake, chini ya mwembe, bila mwalimu na bila intaneti. Ya pili ni kuikumbuka ile nusu nyingine. Kishikwambi kiliwafikia nao pia, kikawa mikononi mwao kwa miezi hiyo hiyo 15, na bado walibaki hawasomi. Anayetaka kuvitumia vifaa hivyo kama sababu ya kutoajiri walimu hana pa kushika katika takwimu za Tanga.

Lililo muhimu zaidi ni lugha. Kiswahili husomwa kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto akizishika irabu tano na kuziunganisha na konsonanti, mlango umefunguka, kwa kuwa maandishi yetu yanafuata matamshi. Kinachobaki ni vikwazo vichache kama tofauti ya ng na ng', au th na dh. Kiingereza hakiendi hivyo. Mtoto wa Kiingereza hulazimika kukariri maneno mengi ambayo maandishi yake hayafanani na sauti. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa London kisha ikatafsiriwa maneno tu haimfai mtoto wa Pangani. Huwezi kumwonyesha tunda la tofaa ukamwambia hii ndiyo A. Programu za Tanga zilifundisha kwa Kiswahili, na baada ya shindano programu zote tano ziliwekwa wazi ili yeyote azichukue na kuziboresha bila malipo.

Linganisha hilo na hali ya simu nyingi za mijini. Mtoto wa Mbagala au Sinza anaimba herufi za Kiingereza kwa lafudhi ya Marekani kabla hajajua kusoma neno baba. Wazazi wengi hufurahi, wakidhani kuwa hiyo ndiyo elimu. Si kwamba Kiingereza ni kibaya. Ila mtoto huyo akifika darasa la kwanza katika shule ya umma atakuta anafundishwa kwa Kiswahili, na nyimbo alizozikariri hazitamsaidia kuliko alivyodhani mama yake.

Vipo vipindi vya nyumbani vilivyojaribu kuliziba pengo hilo. Ubongo Kids kilianza kurushwa na TBC mwaka 2014 kikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na hadithi, na baadaye kikafuata Akili and Me kwa watoto ambao hawajaanza shule. Vyote vinatengenezwa Dar es Salaam. Na kabla ya vishikwambi, Zanzibar iliwahi kuwafikia watoto wa awali kwa kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze, ambacho mwalimu na watoto walikisikiliza pamoja na kufuata maelekezo ya kuimba, kuruka na kuhesabu. Redio ni teknolojia pia, na ilikuwa na sifa moja ambayo simu haina: haikumfanya mtoto akae peke yake.

Tukiingia sasa nyumbani, ukweli wa kwanza ni kwamba simu si ya mtoto. Ni ya mama, au ya baba arudipo jioni, au ya dada wa kazi. Huyu wa mwisho husahaulika katika mijadala yote ya wataalamu, ilhali katika nyumba nyingi za mijini ndiye anayeshinda na mtoto tangu asubuhi. Mzazi anayeweka masharti ya simu bila kumshirikisha dada amejiwekea masharti yeye mwenyewe tu, kwa saa mbili za jioni.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa. Wa mwaka mmoja naye haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Sababu si kwamba kioo kina sumu. Muda wa kukaa mbele yake huchukuliwa kutoka katika kucheza, kulala na kuzungumza, na kwa umri huo lugha huingia kwa kuzungumzishwa. Katuni husema, lakini haisubiri jibu. Mama anapochambua mchele huku akijibizana na mwanawe anafundisha maneno mengi kuliko video yoyote.

Ndiyo maana walimu wa awali husisitiza kutazama pamoja. Mzazi anakaa na mtoto, anauliza: unadhani sungura atafanya nini? Huyu anayetuonyesha biskuti anataka tufanye nini? Swali la pili ni somo zima la matangazo, na mtoto wa miaka mitano analiweza.

Yapo pia ya kiufundi, ambayo hayahitaji mtaalamu. Katika YouTube kuna kitufe cha kuzuia video inayofuata isijifungue yenyewe. Kikizimwa, mtoto hufikia mwisho wa jambo, na mwisho ndio nafasi ya kumwambia basi. Video zinaweza kupakuliwa mapema, kisha data ikazimwa, hivyo mtoto hutazama kile tu ulichokichagua na bando linapona. Namba ya siri ya kulipia kwa simu isiwe tarehe ya kuzaliwa ambayo mtoto anaijua, wala usiiandike huku anaangalia. Watoto hukariri mpangilio wa vidole haraka kuliko tunavyodhani.

Kuhusu umri, mitandao mikubwa ya kijamii huweka miaka 13 kuwa mwanzo wa kujiandikisha. Kiwango hicho kinatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto wa chini ya hapo bila ridhaa ya wazazi. Si mzaha. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kwa tuhuma za kuivunja sheria hiyo. Mzazi anayemwandikia mtoto wa miaka tisa mwaka wa kuzaliwa wa uongo ili afunguliwe akaunti anamwondolea ngao hiyo kwa mkono wake, kwa kuwa kuanzia siku hiyo mtandao utamhesabu kuwa mkubwa na kumletea ya wakubwa.

Mwaka 2020 ulizianika tofauti zote za nyumba kwa nyumba. Shule za Tanzania zilifungwa kuanzia Machi 17 kwa sababu ya virusi vya corona na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na katika makundi ya WhatsApp. Aliyekuwa na simu janja na mzazi mwenye muda aliendelea. Aliyekuwa na simu ya tochi alisubiri. Kenya, ambako likizo hiyo ilidumu hadi Oktoba kwa baadhi ya madarasa na Januari 2021 kwa mengine, vishikwambi vya shule vilibaki shuleni wakati watoto wako nyumbani.

Makundi hayo ya WhatsApp hayakuondoka janga lilipopita, nayo ndiyo yanayotufikisha mtaani. Kundi la wazazi wa darasa lina watu 40 au 60. Mwalimu anatuma picha za sherehe, mzazi mmoja anazipeleka kwa shangazi, shangazi anaziweka Facebook. Katika picha mtoto amevaa sare yenye nembo ya shule, na chini pameandikwa jina lake kamili na heri ya kuzaliwa. Kwa dakika moja mtu asiyemfahamu amepata jina, umri, sura na mahali pa kumkuta mchana.

Sheria zimeanza kuliona jambo hilo. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na mwaka 2023 mamlaka yake iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Mzazi ana haki ya kuiuliza shule picha za mwanawe zinakwenda wapi. Na shule nayo, kwa haki hiyo hiyo, inaweza kumuuliza mzazi kwa nini amerusha picha ya darasa zima wakati mtoto wake ni mmoja.

Mtaani kuna walimu wengine pia, nao ni watoto wakubwa. Mwaka 1999 Sugata Mitra, mtaalamu wa India, alitoboa ukuta uliopakana na makazi ya watu maskini mjini New Delhi, akaweka kompyuta na kuwaacha watoto wajaribu. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Jambo hilo hilo hutokea katika vibanda vya michezo ya kompyuta vya uswahilini, ambako mtoto wa miaka sita husimama nyuma ya kaka wa miaka kumi na miwili na kujifunza kila anachokiona, kizuri na kibaya. Mzazi asiyejua kaka huyo ni nani hajui mwanawe anasomea wapi.

Kwa mtoto aliyeona au kutumiwa kitu kibaya, au anayetakiwa na mtu mtandaoni atume picha zake, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, inayotumika Tanzania na Kenya. Kupiga ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Kabla ya kufuta chochote katika simu, wazazi wanashauriwa kuhifadhi ujumbe na namba ya aliyeutuma, kwa kuwa vitahitajika polisi, na kutomnyang'anya mtoto simu mbele ya wenzake mara tu anapoeleza.